Somo la Sayansi: Namna ya kupima ozoni juu ya ncha za dunia



Mnajua ya kama kilasi chetu kiko na kaye ya mvua. Kila asubuhi, saa moja, mwanafunzi wa zamu anaenda kutazama chombo cha kupima mvua nyuma ya kilasi, anasoma milimita, anaandika, anamwaga maji, basi. Wengi wamechoka na kazi hii. Mmoja aliniuliza: «Mwalimu, juu ya nini tunapima kila siku? Hata siku mvua hainyeshe tunaandika zero. Zero inafundisha nini?» Sikumjibu siku ile.

Kisha jambo lingine likatokea. Asubuhi moja mwanafunzi wa zamu alikuta milimita 94. Akasema moyoni mwake: haiwezekani, nimesoma vibaya. Akaweka koma katikati, akaandika 9,4. Nyuma ya siku mbili tukapata habari ya kama usiku ule kijito kilijaa mpaka kikaingia katika nyumba za watu wa bondeni, na wenzetu wawili wa kilasi walilala kwa jirani, vitabu vyao vimelowa. Lakini kaye yetu ilisema usiku ule ilinyesha mvua ndogo tu. Kaye ilisema uwongo, na aliyeandika si mwongo. Aliogopa namba kubwa.

Sikumpa azabu. Nilimwambia nitaandika somo katika gazeti juu ya watu waliokuta namba ambayo hawakuweza kuiamini, wakaiandika vilevile. Somo ndilo hili. Linahusu hewa ya ozoni juu ya ncha za dunia, mahali hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Lakini mtaona ya kama mambo yale yanagusa pia Bunia yetu.

1. OZONI NI KITU GANI?

Hewa tunayovuta iko na oksijeni. Molekuli moja ya oksijeni iko na atomu mbili. Ozoni ni oksijeni pia, lakini molekuli yake iko na atomu tatu. Katika kemia tunaandika O2 na O3. Ni atomu moja tu imezidi, lakini tabia yao si moja. Ozoni karibu na udongo ni sumu, inachoma mapafu na majani ya mimea. Ozoni ya juu, kati ya kilomita 15 na 35, ni mlinzi wetu. Inazuia sehemu kubwa ya mishale ya jua inayoitwa ultravioleti, ile inayochoma ngozi, inayoleta kansa ya ngozi na ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kuharibu mimea michanga.

Ozoni hii ya juu ni nyingi namna gani? Ni kidogo sana. Tuseme tunaikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako, tunaishusha mpaka chini, na kuiweka katika baridi ya digrii zero na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Itakuwa na unene wa milimita 3 tu, sawa na vipande vichache vya karaton vilivyopangwa pamoja. Hewa yote, ikipimwa vilevile, ingekuwa na unene wa karibu kilomita 8. Milimita 3 katika kilomita 8, na ndani ya zile milimita 3 kuna usalama wa ngozi yako.

Wataalamu wanagawanya milimita moja katika sehemu 100. Sehemu moja wanaiita uniti moja ya Dobson. Basi milimita 3 ni uniti 300. Shikeni namba hii, tutaitumia mpaka mwisho.

2. INATENGENEZWA KWETU, INAENDA KWAO

Nani anatengeneza ozoni? Ni jua lenyewe. Mishale yake mikali inapasua molekuli ya oksijeni kuwa atomu mbili, na kila atomu inajiunga na molekuli nyingine ya oksijeni. Kazi hii inafanyika zaidi mahali jua linapiga wima, ndiyo kusema juu ya Ikweta, juu ya vichwa vyetu sisi watu wa Ituri.

Basi mngefikiri ya kama Ikweta iko na ozoni nyingi kuliko mahali pote. Hapana. Huku kwetu ozoni ni karibu uniti 250, na inabadilika kidogo tu katika mwaka. Ozoni nyingi inakutikana upande wa ncha za dunia, wakati usiku wao mrefu unapomalizika. Ncha ya kaskazini inaweza kufika uniti 400 na zaidi katika mwezi wa tatu. Sababu yake, huko juu kuna mwendo wa hewa, wa polepole, unaopanda juu ya Ikweta, unaelekea ncha, kisha unashuka. Unabeba ozoni kama vile magari yanavyobeba muhogo kutoka shamba kwenda soko. Shamba liko kwetu, gala iko kwao. Mwendo huu umepewa majina ya watu wawili walioueleza, Bwana Brewer mwaka 1949 na Bwana Dobson mwaka 1956.

Ndiyo maana tunasema ozoni iko na majira, kama mvua. Na mtu akitaka kujua kama majira yamebadilika, hawezi kupima siku moja. Lazima apime mwaka mzima, kisha mwaka mwingine, na mwingine tena.

3. NAMNA YA KUPIMA KWA MWANGAZA WA JUA

Hakuna mtu anayeweza kupanda na kipimo cha rula. Basi wanafanya namna gani? Sikilizeni mfano.

Wachuuzi wawili wanatoka Kasenyi kuja Bunia, kila mmoja na feza sawasawa. Katika njia kuna vizuizi, lakini hatujui ni vingapi. Mchuuzi wa kwanza analipa kwa kila kizuizi. Wa pili anajulikana, analipa kidogo sana. Wote wawili wanakula chakula cha bei moja njiani. Wakifika Bunia, tunahesabu feza iliyobaki kwa kila mmoja. Tofauti kati yao itatuambia vizuizi vilikuwa vingapi. Chakula hakitusumbui, kwa maana wote wamekula sawasawa.

Jua linatoa mwangaza wa namna nyingi. Kuna mwangaza wa ultravioleti ambao ozoni inaukamata sana, na mwingine ulio jirani yake ambao ozoni inauacha upite. Hawa ndio wachuuzi wetu wawili. Vumbi na hewa ya kawaida vinapunguza wote wawili karibu sawasawa, hicho ndicho chakula cha njiani. Ukipima mwangaza wa kwanza na wa pili chini hapa, tofauti yao inakuambia ozoni ni ngapi huko juu.

Aliyetengeneza chombo cha kazi hii ni Bwana G. M. B. Dobson wa Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1920. Jina lake ni refu, spektrofotometa. Ni sanduku refu, zaidi ya metre moja. Ndani kuna prizma inayotenga rangi za mwangaza, na mpimaji anazungusha sahani yenye namba mpaka nguvu za mwangaza ule wa aina mbili ziwe sawa. Namba ya sahani anaiandika katika kaye. Vyombo vya namna hii vinafanya kazi mpaka leo. Kimoja kiko Nairobi, Kenya, kwa watu wa hali ya hewa, tangu miaka ya 1980.

4. TUPIGE HESABU KIDOGO

Kuna tatizo moja. Jua likiwa wima, mwangaza unapita katika ozoni kwa njia fupi. Jua likiinama, unapita kwa mshazari, njia inakuwa ndefu. Kateni muwa sawasawa, kisha kateni mwingine kwa kuinamisha kisu. Mtaona ule uso wa mkato wa pili ni mrefu zaidi, na muwa ni uleule.

Urefu wa njia tunaupata karibu kwa kugawanya 1 kwa sinus ya pembe ya jua juu ya udongo.

Bunia iko karibu digrii 1 na nusu upande wa kaskazini wa Ikweta. Siku za karibu na tarehe 21 mwezi wa tatu au 23 mwezi wa tisa, saa sita ya mchana, jua letu liko karibu digrii 88 na nusu. Sinus yake ni karibu 1. Njia ni 1.

Sasa twende Antaktika. Huko Waingereza wako na kituo kinachoitwa Halley, kilichojengwa mwaka 1956 juu ya barafu inayoelea baharini, karibu digrii 75 na nusu upande wa kusini. Siku ileile ya mwezi wa tisa, saa sita ya mchana, jua lao liko digrii 90 kutoa 75 na nusu, ndiyo kusema digrii 14 na nusu tu. Sinus yake ni karibu 0,25. Gawanya 1 kwa 0,25, unapata 4. Mwangaza wa Halley unapita katika ozoni mara nne kuliko wa Bunia. Mpimaji asiyefanya hesabu hii atasema uwongo mkubwa bila kujua.

5. KUPIMA WAKATI HAKUNA JUA

Halley iko na shida nyingine. Kwa siku 105 hivi katika mwaka jua halionekani kabisa. Ni usiku juu ya usiku, kuanzia karibu na mwanzo wa mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane. Wapimaji wanaweza kutumia mwangaza wa mwezi mwandamo ukiwa mkubwa, lakini ni kazi ngumu.

Njia nyingine ni baluni. Baluni kubwa inajazwa hewa nyepesi na kupandishwa mpaka kilomita 30 au zaidi. Chini yake kunafungwa pompi ndogo na kikombe chenye dawa ya yodi, ndiyo iodure ya potasiumu mliyosoma katika kemia. Pompi inavuta hewa na kuipitisha katika dawa. Ozoni ikiingia, inatoa yodi, na mkondo mdogo wa umeme unapita. Ozoni nyingi, umeme mwingi. Redio ndogo inatuma namba chini. Kazi ya baluni inazidi ya sanduku la Dobson kwa jambo moja. Haisemi tu ozoni yote ni ngapi, inasema pia iko kilomita gani.

Hata hapa karibu nasi kazi hii inafanywa. Kule Nairobi, watu wa hali ya hewa wa Kenya pamoja na wenzao wa Uswisi wanarusha baluni ya ozoni kila juma tangu mwaka 1996. Wengine watauliza: kama ozoni ya Ikweta haibadiliki sana, wanapima nini? Ni ulizo lilelile la zero. Bila kujua shamba linatoa kiasi gani, utaelewaje hesabu ya gala?

6. NAMBA AMBAYO WATU HAWAKUIAMINI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1956 wenyewe. Bwana Dobson alikuwa anajua majira ya ozoni ya kaskazini. Akatazamia ya kama kusini itakuwa vilevile, ila miezi sita mbele. Lakini Halley ikatuma namba za mwezi wa tisa na wa kumi zilizo chini kwa uniti karibu 150 kuliko alivyotazamia. Yeye na wenzake wakafikiri chombo kimeharibika, ao mpimaji amekosea. Hawakuzifuta. Katika mwezi wa kumi na moja namba zikaruka ghafula mpaka mahali walipozitazamia. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Hapo wakafahamu ya kama kusini kuko na majira yake. Hewa ya baridi inazunguka ncha ile kama gurudumu, inafunga mlango, na ozoni kutoka kwetu haiwezi kuingia mpaka gurudumu livunjike. Lile lilikuwa jambo la asili tu. Namba ya mwezi wa kumi ilikuwa karibu 300.

Watu wa Halley wakaendelea kupima. Chombo cha namna ileile, mahali palepale, kila siku ya jua, miaka na miaka. Mkubwa wa kazi hiyo, Bwana Joseph Farman, na wenzake Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walikuwa wanakusanya makaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliona ya kama namba za mwezi wa kumi zinashuka. Wakasema kama Dobson, labda chombo kimezeeka. Wakatuma chombo kingine. Chombo kipya kikasema kama cha zamani. Wakatazama kituo chao kingine kilicho mbali na Halley, upande wa kaskazini, huko pia namba zilikuwa zimeshuka, ijapokuwa si sana. Basi mwezi wa tano mwaka 1985 wakatangaza katika gazeti la sayansi Nature. Kutoka karibu uniti 300, mwezi wa kumi ulikuwa umeshuka chini ya 200. Theluthi moja ya ozoni imepotea.

Mjue ya kama hawakuwa peke yao. Mjapani Shigeru Chubachi alipima ozoni ya chini sana katika kituo cha Syowa mwaka 1982, akaonyesha namba zake katika mkutano kule Ugiriki mwaka 1984. Wachache walishtuka. Alikuwa na namba za kweli, lakini hakuwa na kaye ya miaka mingi ya kuzilinganisha.

Tena, Wamarekani walikuwa na setilaiti, Nimbus-7, iliyorushwa mwaka 1978, inayopima dunia nzima. Programu yake ilikuwa imefundishwa kutia alama ya mashaka kwa kila namba iliyo chini ya 180, kwa maana namba kama hiyo haijaonekana bado. Namba hazikutupwa, ziliwekwa pembeni zichunguzwe. Habari ya Waingereza ilipotoka, uchunguzi ule ulikuwa bado haujatangazwa. Walipochora ramani, wakaona si Halley tu. Juu ya Antaktika yote kuna tundu.

Mnaona? Mashine kubwa ya anga ilitia mashaka kwa namba ndogo, sawasawa na mwanafunzi wetu alivyotia mashaka kwa namba kubwa. Kutia mashaka si kosa. Ni vizuri kabisa kutia mashaka. Kosa ni kubadilisha namba ili mashaka yaishe.

7. SABABU GANI MWEZI WA TISA NA WA KUMI?

Mwaka 1974 Bwana Mario Molina na Bwana Sherwood Rowland, wataalamu wa kemia huko Marekani, walikuwa wameonya tayari. Hewa zilizotiwa katika frigo na katika makopo ya kupuliza, ziitwazo CFC, haziozi huku chini. Zinapanda polepole mpaka juu ya mawingu, na huko jua linazipasua na kutoa klorini. Atomu moja ya klorini inaharibu ozoni moja, inaachiliwa, inaharibu nyingine, na nyingine, hata kufika 100.000 mbele ya kutulia.

Lakini juu ya nini tundu linafunguka kusini, mahali watu hawako na frigo? Na juu ya nini si mwaka mzima? Fuateni hatua kwa hatua.

Kwanza, upepo unachanganya CFC katika dunia yote. Hewa iliyotoka Ulaya inafika Antaktika nyuma ya miaka michache.

Pili, katika usiku mrefu, lile gurudumu la hewa linafunga baridi ndani, chini ya digrii 78 chini ya zero. Hapo mawingu membamba ya barafu na asidi yanatokea, kwa urefu wa kilomita 15 mpaka 25. Juu ya mawingu hayo klorini iliyokuwa imefungwa katika molekuli tulivu inafunguliwa. Mtaalamu Susan Solomon alieleza jambo hili mwaka 1986, akaongoza safari ya kwenda kulipima kulekule.

Tatu, klorini iliyofunguliwa inangojea jua. Jua linaporudi, mwezi wa nane na wa tisa, kazi ya kuharibu inaanza. Ndiyo sababu ozoni haipotei katikati ya usiku, inapotea asubuhi ya mwaka.

Nne, mwezi wa kumi na moja ao wa kumi na mbili hewa inapata joto, gurudumu linavunjika, ozoni mpya kutoka upande wetu inaingia. Tundu linafungwa mpaka mwaka unaofuata.

Baluni zilithibitisha mambo haya. Kati ya kilomita 14 na 20 zilikuta ozoni karibu yote imekwisha. Katika miaka ya 1990 mwezi wa kumi wa Halley ulifika karibu 150, na setilaiti ilipima uniti 73 tu mahali fulani tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka 1994.

Kaskazini ni tofauti. Milima na nchi kavu nyingi za kule zinasumbua upepo, gurudumu halitulii, baridi haishiki sana. Lakini miaka mingine inatokea, kama 2011 na 2020. Mwezi wa tatu mwaka 2020 setilaiti ilisoma uniti 205, jambo la nadra sana kwa upande ule.

8. NAMBA ZIKALETA SHERIA

Nyuma ya miaka miwili na miezi michache tu toka habari ya Halley, tarehe 16 mwezi wa tisa 1987, mataifa yaliweka mkono kwa mapatano ya Montreal, Kanada, ya kuacha CFC polepole. Leo mataifa yote ya dunia yameingia, Kongo yetu pia. Ofisi inayotunza mapatano hayo iko Nairobi. Na mwaka 2016, tarehe 15 mwezi wa kumi, kwa jirani zetu, mjini Kigali, mapatano yaliongezwa ili kupunguza pia hewa mpya za frigo, zile ambazo haziharibu ozoni lakini zinapasha dunia joto.

Je, tundu limepona? Bado, lakini linapona. CFC inakaa hewani miaka 50, nyingine 100. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika taarifa iliyotoka mwanzoni mwa 2023, walisema sheria zikifuatwa, Antaktika itarudi mahali ilipokuwa mwaka 1980 karibu na mwaka 2066, ncha ya kaskazini karibu 2045, na dunia nyingine karibu 2040. Miaka haiendi sawasawa. Mwaka 2019 tundu lilikuwa dogo kwa sababu ya joto la ghafula huko juu, kisha 2020 mpaka 2023 likawa kubwa tena. Mtu anayetazama mwaka mmoja tu atadanganyika, akicheka ao akilia.

Tena upimaji ulikamata wezi. Mwaka 2018 wapimaji walitangaza ya kama hewa moja iliyokatazwa, CFC-11, haishuki haraka kama inavyopasa, tangu mwaka 2012 hivi. Mahali fulani kuna watu wanaitengeneza kwa siri. Walifuata upepo mpaka wakaona sehemu kubwa inatoka mashariki ya China. Nyuma ya kusemwa, namba zikaanza kushuka tena.

Na Halley? Barafu yake imepasuka nyufa kubwa, na tangu 2017 watu hawakai huko wakati wa usiku mrefu. Lakini waliweka vyombo vinavyojiendesha vyenyewe, ili kaye iliyofunguliwa mwaka 1956 isikatike.

9. NA SISI WA BUNIA?

Neno la kwanza. Tunaishi chini ya jua la wima, juu ya mlima wa zaidi ya metre 1.200, na ozoni yetu ni uniti 250 tu hata mwaka mzuri. Ultravioleti yetu ni kali siku zote. Tundu la kusini halifiki hapa, lakini sisi hatuko na akiba ya kupoteza. Wenzetu wenye ualbino wanajua jambo hili katika ngozi yao. Katika shule hii, mwanafunzi wa namna hiyo akivaa kofia na mikono mirefu saa ya mchezo, asichekwe. Amefahamu fizikia kuliko anayemcheka.

Neno la pili. Frigo nyingi katika mji wetu zimekuja zimetumika tayari. Kuna wanaotengeneza frigo ambao wakitaka kufungua mrija wanaachilia hewa ya ndani ipotee, pssss, kazi imekwisha. Frigo za zamani ziko na R-12, ambayo ni CFC kamili. Nyingine ziko na R-22, inayoharibu ozoni pia, ijapokuwa si sana. Kijana anayetaka kujifunza kazi hii ajifunze kusoma kibandiko nyuma ya frigo, na kuvuta hewa katika chupa yake mbele ya kufungua. Ile pssss ya Bunia itafika kusini.

Neno la tatu ni la kaye yetu. Mwanafunzi aliyeandika 9,4 amekwisha kuisahihisha. Nilimwonyesha namna. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya 9,4 ili iendelee kusomeka, akaandika 94 pembeni, tarehe, na sababu. Anayekuja nyuma yetu ataona yote mawili, kosa na kweli.

KAZI YA NYUMBANI

Simamisha fimbo ya metre 1 wima, mahali tambarare. Pima kivuli chake kifupi kabisa karibu na saa sita ya mchana, mara moja kila juma, mwaka mzima. Tarehe 21 mwezi wa sita kivuli kitaelekea kusini, karibu sentimita 40. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili kitaelekea kaskazini, karibu sentimita 47. Ukipata namba nyingine, iandike, kisha utafute sababu. Labda fimbo imeinama.

MAULIZO

1. Uniti 73 ni milimita ngapi za ozoni?
2. Ozoni ikishuka kutoka 300 mpaka 200, imepotea sehemu ngapi kwa mia?
3. Jua likiwa digrii 30 juu ya udongo, njia ya mwangaza katika ozoni ni mara ngapi?
4. Juu ya nini tundu halifunguki mwezi wa saba, wakati baridi ni kali kabisa?
5. Asubuhi unakuta katika chombo cha mvua namba ambayo haujaiona hata siku moja. Utafanya nini?

MAJIBU

1. Milimita 0,73.
2. Karibu 33 kwa mia.
3. Sinus ya 30 ni 0,5, basi njia ni mara 2.
4. Jua halijarudi. Klorini imefunguliwa, lakini bila mwangaza haiwezi kufanya kazi.
5. Utasoma mara ya pili. Utamwita mwenzako asome naye. Kisha utaandika kama ilivyo.